Kuvua trauti ukingoni mwa ziwa dogo mwisho wa kiangazi: tafuteni maji kwanza, chambo baadaye

Mshipi wa Mayungu (mwanzisha mada)

Asalaam aleikum wana Malindi, wana Lamu, na wote mnaopenda mshipi.

Mimi ni mtoto wa Mayungu, karibu na Malindi. Marehemu babu ndiye aliyenipa mshipi wangu wa kwanza: nailoni iliyozungushwa kwenye kipande cha ubao, chubwi moja ya kuzamishia, ndoana mbili. Miaka hii, kuanzia Juni hadi Oktoba, huwa niko kaskazini mwa Italia, napika kwenye nyumba ya wageni milimani, kisha Novemba narudi nyumbani upepo wa kusi ukiwa umeshatulia. Chini ya nyumba ile kuna ziwa dogo. Ukilizunguka kwa miguu ni kama dakika 40. Ndani yake mna trauti, samaki ambaye waliofanya kazi kwenye hoteli za Malindi wanamjua kwa jina la trota.

Ninaandika kwa sababu mwaka huu jamaa wawili wa kwetu, nao wako Italia kikazi, wamenipigia kwa nyakati tofauti na kuniambia neno lile lile: Agosti ziwa limekufa, trauti hawapo, wanangoja mwakani. Ziwa halijafa. Mimi mwenyewe niliamini hivyo mwaka wangu wa kwanza nikapoteza wiki mbili nzima, na sitaki mtu mwingine azipoteze.

Nilikuwa navua kama nilivyozoea. Saa 4 asubuhi kazi ya chai ikiisha, nachukua rodi, nakaa kwenye jiwe zuri, natupa. Chambo mnyoo, chubwi ndogo juu yake. Siku 14. Visamaki vya namna nyingine vilikuja kudonoa kandokando, trauti hata mmoja hakuja. Nikabadilisha chambo, nikabadilisha ndoana, nikanunua uzi mwembamba zaidi. Nilikuwa nashughulika na kilichoko mkononi mwangu, na shida ilikuwa majini.

Kilichonifungua macho ni kukumbuka vidimbwi vya mwambani kwetu. Mnajua bamvua ya Malindi, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu: maji hupwa kabisa kwenye saa 4 na saa 5 za mchana, jua likiwa limeshika, na vidimbwi hubaki na samaki waliochelewa kutoka. Mwanzoni ukitia mkono wanakimbia kama cheche. Rudi saa 7. Utawakuta wamepanda juu, midomo inagusa uso wa maji, inafunguka na kufunga, na ukitia mkono hawaondoki tena. Babu alituambia hao wanatafuta pumzi, tuwaache au tuwahamishie kidimbwi kikubwa. Maji yakipata moto hewa hutoka ndani yake. Lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni; yakifika nyuzi 25 hubaki 8 na kidogo. Na mwili wa samaki, kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo unavyodai hewa zaidi. Anataka zaidi na anapewa pungufu.

Tafi, samaki wetu wa mwambani, anavumilia nyuzi 28 maisha yake yote. Trauti hawezi. Yeye anastarehe kati ya nyuzi 10 na 16. Ikipita 20 anaacha kula, anatafuta pa kujiponya. Ikikaribia 25 anakufa.

Basi nikataka kujua ziwa lile lina joto gani, na wapi. Nilichukua chupa, nikaifunga chubwi nzito chini, nikaiziba kwa kizibo chenye kamba yake ya pembeni. Mwenye nyumba ana kimashua cha makasia. Nikaenda katikati, nikashusha chupa kwa kamba yenye fundo kila mita moja. Ikifika kina ninachotaka navuta ile kamba ya kizibo, chupa inajaa maji ya pale pale, naipandisha haraka na kutia kipimajoto cha jikoni. Ilikuwa tarehe 20 Agosti. Juu: nyuzi 23. Mita 3: 22. Mita 5: 17. Mita 7: 11.

Tazameni hapo kati ya mita 3 na 7. Ni kama nyumba ya ghorofa. Jua la kiangazi limepasha maji ya juu, na maji ya moto ni mepesi, yanaelea juu ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo unakoroga ghorofa ya juu tu. Ya chini imefungwa tangu Mei.

Mtu atasema: basi trauti wako chini kabisa, kwenye baridi. Hapo ndipo mwisho wa kiangazi unapotofautiana na mwanzo wake. Maji ya chini yamekaa miezi mitatu, minne, bila kuonana na hewa, na huko chini kuna majani na tope linalooza, nalo kuoza kunakula oksijeni. Katika maziwa madogo yenye tope jingi, ikifika mwisho wa Agosti sakafu haina pumzi. Juu kuna moto, chini hakuna hewa. Trauti wanabanwa kwenye mkanda wa katikati wa mita chache tu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe zuri natupa chambo kwenye maji ya mita moja na nusu, nyuzi 23, saa 4 asubuhi.

Nikirudi kutoka sokoni nitaendelea na jinsi ya kuwafikia bila mashua.

Kijana wa Barani

Dada, shukrani. Sikujua kabisa kwamba ziwa lina ghorofa. Lakini wewe ulikuwa na kimashua cha kupimia. Mtu aliyeko ukingoni, hana mashua, hana chupa, atajuaje mkanda uko wapi? Na unatumia rodi gani?

Mshipi wa Mayungu

Nimerudi. Hili ndilo jambo lenyewe, nitalisema polepole.

Kwanza mdomo wa kijito. Ziwa lile linalishwa na kijito kimoja kitokacho juu, chembamba, unakiruka kwa hatua moja. Nilipima maji yake siku ile ile: nyuzi 13. Maji baridi ni mazito, kwa hiyo yakiingia ziwani hayatawanyiki juu. Yanateleza chini ya yale ya moto kama mkeka unaotandikwa, na yanakuja na hewa yake kwa kuwa yameporomoka kwenye mawe. Trauti wanasimama juu ya mkeka huo, vichwa vyote vikielekea kijito. Usisimame kwenye mdomo wenyewe, utawakanyagia mlango. Simama mita 15 pembeni, tupa ndani zaidi, vuta kupitia pale.

Chemchemi vivyo hivyo. Tembea ukingoni miguu mitupu ndani ya maji ya magoti. Unatembea kwenye maji ya uvuguvugu, mara unyayo unashtuka kwa baridi. Pale pana jicho la maji. Tia alama ya jiwe, rudi alfajiri.

Pili, ukingo wenye genge. Usichague mahali pazuri pa kukaa. Chagua mahali ambapo mwamba unazama wima, hata kama utasimama kwa mguu mmoja. Pale mita 5 za kina ziko karibu na unyayo wako, na mkanda ule wa baridi unagusa ukingo. Kwenye ufuo wa mchanga uliolala, mkanda uko mbali na mkono wako haufiki.

Tatu ni upepo, na hapa nilikosea kwa kujifunza nusu. Watu wa kule hupenda upande ambao upepo unasukumia, kwa kuwa wadudu na vyakula hurundikana huko. Ni kweli, ila majira ya baridi yakikaribia. Kwenye joto, upepo ukivuma siku mbili mfululizo unasukuma na maji ya moto upande huo huo, na upande wa pili, upepo unakotokea, maji ya baridi yanapanda kujaza nafasi. Agosti nasimama mgongo wangu ukiwa upande wa upepo. Na kutupa kunakuwa rahisi.

Saa: kuanzia saa 12 kasoro robo asubuhi, mwanga unapopasuka, hadi jua ligonge maji. Kwa ziwa letu ni kama saa moja u nusu asubuhi, kwa sababu mlima unaficha jua. Usiku hewa imepoza maji ya juu kidogo na trauti wamethubutu kupanda. Jua likigusa maji nafunga vitu vyangu. Kuendelea ni kujichosha.

Kuhusu vifaa. Rodi yangu ina mita 3 na nusu, nyepesi, rili ndogo ya kukunjia mshipi, nailoni ya milimita 0.20. Waitaliano wana kitu kinaitwa bombarda. Ni kijiti kinene cha plastiki, umbo la mbegu ya tende lakini kirefu kama kidole, kina tundu katikati mshipi unapita. Kina uzito wa kutupia, gramu 10, 15, 20, lakini majini kinazama polepole au hakizami kabisa, kutegemea ulichonunua. Chini yake kuna kijichuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote, kisha mita moja na nusu hadi mbili za nailoni nyembamba ya 0.16, kisha ndoana namba 8. Chubwi yetu ingepeleka chambo sakafuni moja kwa moja, kule kusiko na pumzi. Bombarda inayozama polepole inakuruhusu uhesabu: tupa, hesabu hadi 10, vuta. Hakuna kitu? Tupa tena, hesabu 20. Ukipata mdonoo kwenye 25, basi mkanda umeupata, na kila utakapotupa ni 25. Ndivyo unavyopima bila mashua.

Chambo ninachokiamini ni camola, funza wa yule nondo anayeharibu masega ya asali. Wanauzwa wakiwa hai kwenye vikopo vyenye unga wa mbao. Funza wawili: wa kwanza unampitisha mzima hadi juu ya ndoana, wa pili unamchoma nusu ili akae amepinda, kama kiwiko cha mkono. Ukivuta polepole wanazunguka kama pia. Huko kuzunguka ndiko kunakomchokoza trauti, na ndiyo sababu ya kile kijichuma.

Na mkono usivute tu. Unatikisa ncha ya rodi kidogo kidogo, kama mtu anayetetemeka kwa homa, huku unakunja rili. Wenyewe wanaita tremarella. Nilipofanya mara ya kwanza kidole changu kilikumbuka kitu: babu alikuwa anautikisa mshipi wake hivyo hivyo kwa kidole cha shahada akivua samaki aitwaye changu. Sikuhitaji kufundishwa mara mbili.

Shela wa Matlai

Waaleikum salaam mwanangu. Nimesoma yote na Mungu akuzidishie. Mimi ni mvuvi wa Lamu, miaka 40 sasa kwenye mkondo wa Shela. Nina neno moja la kukupinga, na usinikasirikie.

Umelinganisha kidimbwi na ziwa, hilo nalikubali. Lakini naona vijana hapa watachukua maneno yako na kuyaleta baharini kama yalivyo, na hayatafaa. Bahari yetu inapumua. Kila saa 6 maji yanaingia, kila saa 6 yanatoka, na mkondo unachanganya juu na chini. Hakuna ghorofa kwenye mlango wa Shela. Samaki wa kwetu hakai mahali akingoja hewa, anasafiri na maji. Kwenye mikoko maji yakianza kujaa anaingia nayo, yakianza kupwa anatoka nayo, na mimi namngoja pale kijia kinapokutana na mkondo mkubwa. Wakati wa maji mafu, maji yakiwa hayana nguvu ya kwenda wala kurudi, hapo ndipo maji ya vihori, vile vijia vya mikokoni, huchemka, na samaki wakubwa hushuka kwenye kina. Siku nyingine zote, saa ya kuvua inatangazwa na mwezi. Jua halina kauli.

Ziwa lako halina mwezi. Ndiyo tofauti.

Mshipi wa Mayungu

Ami, siwezi kukasirika. Umesema jambo ambalo nilipaswa kuliweka mwanzoni. Ziwa halipumui lenyewe. Linategemea upepo, kijito na baridi ya usiku, na kiangazi vyote vitatu hupungua kwa pamoja. Wanaovua baharini wafuate maneno ya ami, yangu ni ya maji yaliyotulia.

Ila nina swali kwako. Kwetu Malindi, upepo wa kaskazi ukivuma, maji mekundu ya mto Sabaki hushuka kusini yakaingia ghuba yetu, na kuna mstari unaonekana kwa macho, huku rangi ya chai ya maziwa, huku buluu. Babu alikuwa anatupa mshipi kwenye mstari ule ule, hakutaka kabisa upande mmoja wala mwingine. Kwenye ziwa nimekuta trauti pia wanapenda kusimama mpakani, penye maji mawili. Lamu mnaona hivyo?

Shela wa Matlai

Tunaona. Penye maji mawili daima pana kitu. Dagaa hujificha kwenye maji machafu, na anayewala hungoja kwenye masafi, amejipanga ukingoni. Babu yako alikuwa mvuvi.

Mtu wa Watamu

Mimi nafanya kazi kwenye boti za sulisuli. Swali langu ni kuhusu kuachia. Huku kwetu sulisuli wengi wanapachikwa kibandiko na kurudishwa baharini, na tumefundishwa kutomtupa tu. Unamshika mdomo kando ya boti, boti inatembea pole pole, maji yanapita kwenye mashavu yake mpaka rangi irudi na aanze kupiga mkia mwenyewe. Je, trauti mnawaachia? Na mnafanyaje bila boti?

Mshipi wa Mayungu

Ahsante kwa swali hili. Nililiogopa kidogo kwa sababu lina jambo linaloniuma.

Mwaka wa pili, mwisho wa Agosti, nilikuwa nimeshajua pa kusimama. Asubuhi moja nilipata trauti watano kwenye mdomo wa kijito. Nilichukua wawili, watatu nikawaachia kwa moyo mweupe, nikaona wameondoka wakiogelea. Saa 9 alasiri niliposhuka kuteka maji niliwakuta wawili kati yao wanaelea karibu na matete, matumbo meupe juu. Niliwatambua, mmoja alikuwa na alama ya ndoana yangu kwenye kona ya mdomo.

Nilikuwa nimewapigania kwenye maji ya nyuzi 22. Samaki aliyevutwa dakika tatu anakuwa kama mtu aliyekimbia kupanda mlima: misuli imejaa uchovu, anahitaji hewa maradufu. Nikamrudisha kwenye maji yasiyo na hewa ya kumtosha, tena nikamshika kwa mikono mikavu iliyoondoa ute wake. Aliogelea mbele yangu, ndiyo. Akaenda kufa mbele kidogo.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Napima maji ya juu kabla ya kufunga ndoana. Yakifika nyuzi 20, sivui nikaachia. Navua wa kula tu, nikimpata mmoja au wawili nawaua papo hapo kwa pigo moja kichwani na naondoka. Yakipita 22 sitoi rodi ndani ya mfuko, hata kama nina siku moja tu ya mapumziko. Yakiwa chini ya 18 naweza kuachia, na naachia hivi: kijino cha ndoana nimekibana kwa koleo mapema, mikono imeloa, samaki hatoki majini, namshika wima uso wake ukielekea kijito hadi ajitoe mwenyewe mkononi. Kile mnachofanya nyinyi kwa boti, mimi nafanyiwa na kijito. Ziwani penye maji yaliyosimama usimsukume mbele na nyuma. Ukimrudisha nyuma maji yanaingia kinyume kwenye mashavu. Mzungushe kwa kumpeleka mbele tu.

Na kuna sheria. Kule huvui bila leseni ya mkoa, na sehemu nyingi za kaskazini mwa Italia trauti hufungwa kuanzia Oktoba mapema hadi mwisho wa Februari, kwa kuwa trauti wa kahawia, wanaomwita fario, hutaga majira ya baridi. Nawaomba mliopo kule msivue kwa kificho. Hatuna sababu ya kuwa wageni wanaovunja miiko ya maji ya watu, wakati sisi wenyewe tunajua uchungu wa kuona mtu anavua ndani ya hifadhi yetu ya Malindi, ambayo imekuwepo tangu 1968.

Dereva wa Milimani

Naingia kwa upande wa Kenya. Mimi ni wa Malindi ila napeleka wageni Nanyuki na Mlima Kenya. Trauti wako hapa hapa nchini. Wa kahawia waliletwa 1905 kutoka Loch Leven, Uskochi, wakatiwa mto Gura kwenye Aberdare. Wale wa upinde wa mvua, ambao kwao asili ni pwani ya Pasifiki ya Marekani, walifuata miaka michache baadaye. Kiganjo, karibu na Nyeri, kuna kituo cha serikali cha kuwazalisha.

Maziwa ya mlimani kama Rutundu, Alice na Ellis yako zaidi ya mita 3,000 juu. Kule hadithi ya dada inageuka. Maji ni baridi mwaka mzima, shida ya joto hakuna. Asubuhi mnaamka na barafu nyembamba kwenye nyasi, na samaki wamezubaa kwa baridi. Nimeona wageni wakipata zaidi jua likishapanda na kupasha kidogo maji ya kandokando. Kwa hiyo usiamke saa 11 alfajiri kwa sababu tu umesoma mada hii.

Kinachofanana na Agosti yake ni mito ya chini, kama Naro Moru na Burguret, mwezi wa Februari na Machi kabla masika haijapiga. Mto unapungua, maji yanabaki vidimbwi, trauti wanarundikana. Ni rahisi kuwavua mno, na hapo ndipo mtu anamaliza mto. Waongozaji wazuri huwakataza wageni wakati huo.

Mshipi wa Mayungu

Dereva, umenipa kitu kipya. Kumbe kanuni ni moja na saa ni mbili: kule unafuata jua, kwangu nalikimbia. Nikirudi Novemba nitakutafuta tupande.

Bi Kikaango

Mimi sijui rodi wala bombarda, nakaanga samaki karibu na soko. Niambie mwanangu, nyama yake ikoje? Anafanana na nani wa kwetu?

Mshipi wa Mayungu

Shikamoo bibi. Nyama yake ni laini kuliko ya changu, ina mafuta kidogo, na ngozi nyembamba yenye magamba madogo sana hata huna haja ya kuparua. Ukimkaanga kama tafi, mafuta tele na moto mkali, anavunjika. Mimi namtia chumvi, ndimu na kitunguu saumu, namwacha nusu saa, namfuta akauke kabisa, kisha kikaango chenye mafuta machache na simgeuzi hadi ngozi iachie yenyewe. Nimejaribu kumpaka kwa tui la kopo. Wageni walilamba sahani, lakini mimi niliona tui limemfunika. Ladha yake ni ya upole, anataka ndimu tu. Na matumbo yatoke pale pale ziwani. Kwenye joto la Agosti akikaa saa mbili na matumbo yake, nyama ya mbavuni inaachana na mifupa.

Bi Kikaango

Marahaba. Basi ni kama chaa, hataki makeke. Nimeelewa.

Kijana wa Barani

Dada, na Septemba? Jamaa zako waliokupigia wangojee hadi mwakani kweli?

Mshipi wa Mayungu

Wasingojee hata kidogo! Septemba ndiyo zawadi.

Kwenye wiki ya pili ya Septemba usiku unaanza kuuma. Nilipima tarehe 14: juu nyuzi 17. Wiki tatu na siku chache tu zilizotangulia ilikuwa 23. Ghorofa ya juu inapoa, inakuwa nzito, inaanza kuzama na kuchanganyika na mkanda wa katikati, na trauti waliobanwa wiki nyingi wanafunguliwa. Wana njaa. Wanakuja ukingoni kabisa, kwenye yale maji ya magoti niliyokuwa natupa bure Agosti.

Na kuna siku, kwa kawaida baada ya mvua, jua likirudi alasiri bila upepo, ambapo sisimizi wenye mbawa hutoka ardhini kwa maelfu na kuangukia ziwani. Mwaka jana nilikuwa nimekaa kwenye lile lile jiwe zuri. Maji yalikuwa kama kioo. Nikaona duara moja dogo, kama tone la mvua, hatua nne kutoka mguuni. Kisha la pili. Kisha ziwa zima likajaa maduara, bila sauti, ila ukisikiliza sana unasikia midomo, pchu, pchu. Nikamwona mmoja akipanda kwa chini yangu, mgongo wa kijani wenye madoa meusi, mstari wa waridi ubavuni, akafungua mdomo, akameza sisimizi mmoja, akashuka bila haraka. Niliweza kuhesabu madoa. Rodi ilikuwa pembeni yangu na chambo tayari, na sikuigusa kwa muda mrefu.

Siku hizo hutaki uzito mkubwa. Bombarda inayoelea, nailoni ndefu, funza mmoja tu, na usitikise. Acha alale juu ya maji.

Kijana wa Barani

Nimejaribu kitu. Sina bombarda, nikachonga kipande cha mti mkavu, nikakitoboa kwa waya wa moto, nikatia risasi kidogo upande mmoja. Chini yake nailoni ya mita moja na nusu na ndoana ndogo, chambo kijipande cha kamba wa baharini. Jana alfajiri maji yakijaa nilikwenda gatini, nikatupa nje ya mahali ambapo mkono hufika. Chuchunge 6 na kolekole mmoja mdogo niliyemrudisha. Kile kijiti kinazama upande mmoja kwanza, nadhani risasi haijakaa katikati.

Shela wa Matlai

Risasi iweke upande unaoelekea ndoana, si upande wa rodi. Hapo itaruka mbele na nailoni haitajifunga nayo angani. Maji yalikuwa yamejaa kiasi gani ulipoanza kupata?

Kijana wa Barani

Nusu, ami. Ngazi ya tatu ya gati ilikuwa imefunikwa.

Shela wa Matlai

Kesho nenda ngazi ya pili ikifunikwa, mapema zaidi, na utupe upande wa kivuli cha gati.

Mshipi wa Mayungu

Na unitunzie kijiti kimoja, nakuja Novemba. Nitakuletea bombarda mbili za gramu 15 uone tundu lao lilivyopigwa.